Siku ya mechi Storrs: mwongozo wa kuingia Gampel Pavilion

Kabla hujatafuta namba ya kiti kwenye tiketi ya UConn, tafuta jina la mji. Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), kaskazini-mashariki mwa Marekani, kina timu mbili kubwa za mpira wa kikapu, ya wanaume na ya wanawake, na zote mbili zina makao mawili. Baadhi ya mechi za nyumbani huchezwa Gampel Pavilion, ndani ya eneo la chuo huko Storrs. Nyingine huchezwa katika ukumbi mkubwa katikati ya Hartford, mji mkuu wa jimbo, kilomita kama 40 kutoka hapo. Ukikosea mji utajikuta mbele ya mlango uliofungwa huku mpira ukirushwa kwingine, na barabara za majira ya baridi si za kukimbilia.

Ukumbi wa Hartford una mtego mwingine, nao ni majina. Watu wazima wa huko bado wanauita Civic Center, waliokuja baadaye waliukuta ukiitwa XL Center, na tangu 2025 umepewa jina la PeoplesBank Arena. Yote ni jengo moja. Ni kubwa kuliko Gampel, lina mahoteli na migahawa jirani, na kwa anayetoka mbali kwa basi au treni ni rahisi kulifikia. Hata hivyo, mwenye hiari ya kuchagua achague Storrs. Hartford utaona mechi, ila Storrs utaona mechi pamoja na chuo kilichoizaa.

Makala haya ni kwa msomaji wa Kiswahili mwenye sababu ya kufika huko. Anaweza kuwa mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo, mzazi anayesafiri kwa mahafali ya mwanawe, shabiki anayeishi Boston, New York au Hartford kwenyewe, au kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayeota kucheza mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Kila mmoja ana mlango wake pale, na milango hiyo haifanani.

Alipopita Hasheem Thabeet

Watanzania wana sababu ya ziada ya kulijua jengo hili. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliichezea UConn kwa misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, akamalizia sekondari Texas, kisha akaingia Storrs akiwa na urefu wa mita 2.21. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kuzuia mitupo ya wapinzani. Katika misimu hiyo mitatu alizuia zaidi ya mitupo 400, na katika historia ya chuo ni Emeka Okafor peke yake aliyekuwa amemzidi. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Mwaka 2009 pia aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na timu ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ilikofungwa na Michigan State.

Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies wa NBA walimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Mbele yake alikuwa Blake Griffin tu. James Harden alifuata wa tatu, Stephen Curry akawa wa saba. Maisha yake ya NBA hayakufikia matumaini yale, na hilo vijiwe vya Dar vimelijadili hadi likachakaa. Lakini alichokifanya Storrs hakina mjadala, na anayekaa kwenye viti vya Gampel anaangalia sakafu aliyoitawala Mtanzania.

Jengo lenyewe lilifunguliwa tarehe 27 Januari 1990, katikati ya msimu, kwa mechi ambayo UConn iliwafunga St. John's. Kabla ya hapo timu ilichezea jengo dogo lililo ubavuni mwake, ambalo sasa linaitwa Greer Field House kwa heshima ya Hugh Greer, kocha aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kazini. Mechi zenye watu wengi zilipelekwa Hartford. Mpango huo ulikuwa na hatari ambayo hakuna aliyeijua. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, saa chache tu baada ya watu wapatao 5,000 kutoka kuangalia UConn ikicheza na Massachusetts, paa la ukumbi wa Hartford lilianguka lote kwa uzito wa theluji. Wahandisi walikuja kueleza kwamba nondo za juu za paa hazikuwa zimeshikizwa vya kutosha, zikajipinda. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu. Ulijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1980.

Gampel ni la namna tofauti kabisa. Paa lake ni kuba, nalo ndilo la kwanza kuonekana ukikaribia. Jina linatokana na Harry A. Gampel, mhitimu wa chuo hicho wa mwaka 1943 aliyefanikiwa katika biashara ya majengo na kuchangia dola milioni moja. Mzigo mkubwa wa gharama ulibebwa na jimbo. Mwanzoni lilichukua watu 8,241. Likapanuliwa mwaka 1996, likaongezwa tena mwaka 2002, na sasa huchukua watu zaidi ya 10,000. Aliyewahi kuingia BK Arena ya Kigali ana picha nzuri ya ukubwa huo. Tofauti ni kwamba Gampel limezungukwa na mabweni na madarasa, na watazamaji wengi hufika kwa miguu.

Msimu uleule wa ufunguzi ndio uliolipa jengo sifa. Timu ya kocha Jim Calhoun, ambayo kabla ya hapo haikuwa tishio kwa vigogo, ilitwaa Big East, ikafika hadi robo fainali ya taifa na kutolewa na Duke kwa mtupo wa mwisho. Calhoun alikaa hadi 2012 na kuacha makombe matatu ya taifa: 1999, 2004 na 2011. Kevin Ollie akaongeza la 2014, Dan Hurley akatwaa mawili mfululizo, 2023 na 2024.

Kwa wanawake hesabu ni kubwa zaidi. Geno Auriemma yuko pale tangu 1985, na hadi 2025 alikuwa ametwaa ubingwa wa taifa mara 12. Mwaka 2004 na tena 2014, timu zote mbili zilikuwa mabingwa kwa pamoja, na hakuna chuo kingine cha daraja la kwanza kilichowahi kufanya hivyo.

Mechi ipi, na saa ngapi

Msimu huanza mwanzoni mwa Novemba na mechi za nyumbani huisha mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo huja mashindano ya ligi, kisha mashindano ya taifa, ambayo hufika fainali mapema Aprili. Kwa wanaume, mechi hizo za mwisho huchezwa miji mingine, kwa hiyo anayesubiri Machi iishe ili aende Storrs atakuwa amechelewa. Wanawake ndio wenye bahati: timu zinazopangwa juu huandaa mechi za raundi mbili za kwanza za taifa nyumbani kwao, na UConn imezoea kuwa miongoni mwao.

Novemba na Desemba wapinzani wengi huwa vyuo vidogo, na tiketi hupatikana kwa urahisi. Kuanzia Januari ligi inapamba moto na ndipo wanapokuja St. John's, Villanova, Georgetown, Marquette, Creighton na wengineo. Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni kalenda ya masomo. Kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya tatu hivi ya Januari wanafunzi huwa likizo. Mechi za kipindi hicho ni tulivu zaidi, zinafaa kwa wenye watoto wadogo. Anayefuata kelele asubiri muhula uanze, mwishoni mwa Januari na Februari, wanafunzi wakiwa wamerudi na wamesimama nyuma ya kikapu dakika zote 40.

Mimi ningemshauri mgeni aanze na mechi ya wanawake. Siyo kwa kuwahurumia. Timu hii ndiyo iliyobadili namna Wamarekani wanavyoangalia mpira wa kikapu wa wanawake, na mengi ya mabadiliko hayo yalitokea kwenye sakafu hiyo hiyo. Tarehe 16 Januari 1995 waliwafunga Tennessee 77 kwa 66 ndani ya Gampel mbele ya kamera za taifa, wakamaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja, 35 kwa sifuri. Kati ya 2014 na 2017 walishinda mechi 111 mfululizo. Rebecca Lobo, Sue Bird, Diana Taurasi, Maya Moore, Breanna Stewart na Paige Bueckers wote walipita hapo. Jezi ya Lobo namba 50 na ya Ray Allen namba 34 zilistaafishwa mwaka 2019, na ukiinua macho ukutani utaona majina ya wengine walioenziwa.

Kwa asiyezoea mpira wa vyuo, mambo machache yatamchanganya. Kwa kanuni za msimu wa 2025/26 wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20, wakati wanawake hucheza robo nne za dakika 10. Timu ina sekunde 30 za kurusha, si 24 kama NBA. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, umbali tunaoufahamu kwenye viwanja vinavyofuata kanuni za kimataifa. Na dakika 40 hizo zitakula saa mbili nzima, kwa kuwa mchezo husimamishwa mara nyingi ili televisheni ipitishe matangazo. Yapange hayo pamoja na basi lako la kurudi.

Wanaofuatilia kutoka nyumbani wahesabu hivi: mechi ya saa moja jioni huko Storrs ni saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake Dar es Salaam na Nairobi. Mechi za mchana za Jumamosi na Jumapili ndizo rafiki. Ya saa sita mchana kwao ni saa mbili usiku kwetu. Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, Jumapili ya pili ya Machi, tofauti inapungua kutoka saa nane hadi saba.

Tiketi huuzwa kwenye tovuti rasmi ya michezo ya chuo na huja kwenye simu. Ipakue kabla ya kutoka nyumbani, maana maelfu ya watu wakifungua simu kwa pamoja mlangoni, mtandao huwa wa kusuasua. Wanafunzi wana utaratibu wao wa tiketi na eneo lao la viti, na tiketi ya mwanafunzi haimfai mtu asiye na kitambulisho cha chuo. Mechi ikiwa imeuzwa yote, zipo tovuti za watu kuuziana tiketi. Humo bei hupanda na kushuka kama nyanya za Kariakoo, na mara nyingi hushuka saa chache kabla ya mechi, hasa theluji ikitabiriwa.

Kufika

Storrs si mji unaojitegemea. Ni sehemu ya mji wa Mansfield, mashambani, na chuo chenyewe kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo kwenye ardhi iliyotolewa na ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs. Mabanda ya ng'ombe bado yapo upande wa mashariki wa barabara kuu, na maziwa yao ndiyo chanzo cha aiskrimu ya Dairy Bar, duka la chuo ambalo wenyeji hulipangia foleni hata wakati wa baridi. Ukifika na watoto mapema, waanzishie huko.

Kutoka Boston ni kilomita kama 130, kutoka New York zaidi ya 200. Uwanja wa ndege wa karibu ni Bradley, kaskazini mwa Hartford. Kwa gari utafuata barabara kuu ya I-84, kisha barabara ya 195 hadi chuoni. Barabara hii ya mwisho ni nyembamba, na siku ya mechi foleni yake huanza mapema. Fika angalau saa moja na nusu kabla. Chuo kina maegesho mawili ya ghorofa, la kaskazini na la kusini. La kusini ndilo jirani na Gampel, na ndilo linalojaa kwanza. Anayeegesha la kaskazini atatembea kidogo lakini atatoka haraka zaidi mechi ikiisha, na kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri.

Wasio na gari wana basi la CTtransit namba 913 kati ya Hartford na Storrs. Wanafunzi wa UConn hulipanda bila nauli kwa kadi yao ya usafiri. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kwenda, hasa mwisho wa wiki, kwani basi la usiku ukilikosa, teksi ya hadi Hartford itakugharimu kuliko tiketi ya mechi.

Baridi ya Januari na Februari mara nyingi hushuka chini ya sifuri. Vaa viatu visivyoteleza, koti zito, kofia na glavu, lakini ndani kabisa vaa kitu chepesi. Ukumbi ukijaa watu unakuwa na joto, na koti utalikalia au utalipakata, usitegemee mahali pa kuliacha.

Ukiwa ndani

Mlangoni utakaguliwa. Mikoba mikubwa na mabegi ya mgongoni yaache garini au nyumbani. Viwanja vingi vya vyuo siku hizi huruhusu mfuko mdogo au wa plastiki inayoonyesha ndani tu, na masharti huandikwa kwenye ukurasa wa mechi. Chakula cha nje kwa kawaida hakiingii. Wanaouza ndani wana vyakula vya viwanjani vya Kimarekani, na Mwislamu aulize kabla ya kununua soseji, kwa kuwa nyama ya nguruwe ni kitu cha kawaida. Anayetaka mlo halali wa uhakika ale kabla. Kumbi za chakula za chuo zina sehemu ya halali, na karibu na chuo kuna kituo cha Kiislamu ambako mgeni anaweza kuswali. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati kabisa ya ligi. Mechi ya saa moja jioni humkuta aliyefunga saumu ameshafuturu, ila ya saa kumi na mbili na nusu inabana. Beba tende mfukoni.

Kiti kipi? Pembeni mwa uwanja, safu za katikati, ndipo mchezo unapoonekana wote, na ndipo bei inapouma. Lakini Gampel ni la mviringo na lenye mwinuko, hata safu ya juu haiko mbali na sakafu. Kuba linarudisha sauti chini. Mashabiki wakianza kuitana herufi za jina la chuo, U-C-O-N-N, mtoto mdogo au mzee anayesumbuliwa na kelele ataihisi kifuani, kwa hiyo mkalishe mbali na bendi na wanafunzi. Wenye kiti cha magurudumu wanunue tiketi za maeneo yao maalumu moja kwa moja kutoka ofisi ya tiketi.

Jengo hilo hilo hutumika Mei kwa mahafali ya vitivo mbalimbali. Wazazi wengi kutoka kwetu watalijua kwa njia hiyo tu, bila kuona mpira ukidunda. Siku hiyo sakafu hufunikwa na viti hupangwa juu yake. Mhitimu ndiye anayeomba nafasi za wageni wake, na idadi inaweza kuwekewa kikomo kwa kila sherehe, kwa hiyo ukoo mzima usikate tiketi za ndege kabla mtoto hajathibitisha. Kila kitivo kina siku na saa yake. Mhandisi na muuguzi hawahitimu sherehe moja.

Nani alilipa, nani anaingia

Pembezoni mwa Gampel kuna majengo ambayo mgeni hupita bila kujua ni ya nani. Kanuni ya haraka ni kuuliza fedha zilitoka wapi.

Jengo lililo jirani kabisa, Werth Champions Center, lilifunguliwa mwaka 2014. Lina takriban mita za mraba 7,000, na ndani yake kila timu ya kikapu ina uwanja wake wa mazoezi, vyumba vya kubadilishia nguo, vya mazoezi ya viungo na vya matibabu. Fedha zilitoka kwa wafadhili binafsi, familia ya Werth ikiwa mbele. Hapo hapana mlango wa mgeni. Mwanafunzi wa kawaida naye haendi kurusha mpira humo. Kabla ya jengo hilo timu zilikuwa zikigombea muda wa mazoezi ndani ya Gampel, pamoja na shughuli nyingine zote za chuo, na mchezaji aliyetaka kurusha mitupo usiku alitegemea ratiba ya wengine. Faida yake kubwa ni hiyo: kijana anaingia saa yoyote, hata saa sita usiku, akajifua mwenyewe.

Kituo cha mazoezi cha wanafunzi ni hadithi tofauti. Kilifunguliwa mwaka 2019 katikati ya chuo, na hulipwa kwa ada ya wanafunzi wenyewe. Kina viwanja vya kikapu, bwawa, njia ya kukimbilia ya ndani, ukuta wa kupanda na vifaa vya kunyanyua vyuma. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Arusha ambaye hajawahi kuwa mwanamichezo ana haki humo sawa na mwingine yeyote, na aitumie, kwa kuwa tayari imo kwenye bili yake. Wapo wanaomaliza miaka miwili bila kukanyaga, wakilalamika baridi na upweke, na huku mechi za mchanganyiko za jioni zingewapa marafiki wa bure.

Greer Field House na bwawa la Wolff-Zackin, ambayo yameungana na Gampel, hubeba michezo mingine kama riadha ya ndani na kuogelea. Kwa soka kuna Morrone Stadium, kwa besiboli Elliot Ballpark, na tangu Januari 2023 kuna Toscano Family Ice Forum kwa magongo ya barafuni. Mpira wa Kimarekani hufanya mazoezi Storrs lakini mechi zake ziko East Hartford, kwenye uwanja wa jimbo wa Rentschler Field. Huo nao usiuchanganye na ukumbi wa Hartford. Mechi nyingi za michezo midogo kiingilio chake ni kidogo au hakuna kabisa, na kwa familia yenye bajeti nyembamba ni njia nzuri ya kuonja maisha ya chuo.

Yote haya yana gharama. Idara ya michezo ya UConn haijitoshelezi kwa mapato yake. Chuo huijazia kila mwaka, na wahadhiri wapo wanaolipinga hilo waziwazi. Mgeni anayeshangaa majengo ajue pia kwamba huo ni ubishi ambao bado unaendelea pale pale chuoni.

Kwa kijana anayetaka kuingia kwa mlango wa wachezaji

Njia ya Thabeet ilipitia sekondari ya Marekani, na hadi leo wachezaji wengi kutoka Afrika hupitia huko au kwenye akademi. Lakini njia yoyote utakayopita, kuna kituo kimoja hukikwepi: ofisi ya ustahiki ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Humo kila mchezaji wa daraja la kwanza hujisajili mwenyewe na kupeleka matokeo yake ya sekondari. Wanaangalia masomo 16 ya msingi, yakiwemo Kiingereza, hisabati, sayansi na sayansi ya jamii, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao. Cheti cha kidato cha nne na ripoti za shule za kila mwaka ni mali. Zitunze, zipigie mihuri, zipige picha. Vijana wengi wenye kipaji hukwama kwenye ripoti ya kidato cha kwanza iliyopotea, na urefu hauwezi kuwasaidia hapo.

Jambo la pili ni fedha. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata kipato kutokana na majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa sehemu ya mapato. Habari hizo zimefika mitaani kwetu zikiwa zimetiwa chumvi. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi, na akisaini mkataba wa tangazo bila ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa anaweza kupoteza viza pamoja na nafasi ya masomo. Aidha, kanuni za viza kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimebadilika sana tangu 2025. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako kwanza, kabla hujalipa ada yoyote. Hilo linamhusu hata mzazi wa mahafali.

Kuna matapeli pia. Hujitambulisha kama mawakala, huonyesha picha za kumbi zilizojaa watu, kisha huomba ada ya kumtafutia mtoto nafasi. Kocha wa chuo kama UConn akikutaka, yeye au msaidizi wake atawasiliana nawe mwenyewe, kwa anwani ya barua pepe inayoishia na uconn.edu. Ofa ya ufadhili hutolewa kwa maandishi na chuo. Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hupati viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo baada ya kukukubali, na ada ya serikali ya dola 350 inayoambatana nayo hulipwa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, haipiti kwa mtu. Mzazi, usiuze kiwanja kwa ahadi ya mdomo. Andikieni ofisi ya udahili ya chuo muulize kama mtoto wenu anajulikana huko, na mpaka wajibu, msimpe wakala hata senti.